Ofisi ya Mahitimisho na Kisima cha Mtondoo

Kwa jina lake Mola aliyeumba kalamu kabla ya kuumba makarani, akamfundisha mwanadamu asiyoyajua bila kumtaka ajaze fomu, naanza. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na wanavyuoni wa kale waliosafiri mwezi mzima juu ya ngamia kwenda kuhakikisha neno moja, wakarudi nalo wamekonda, nao wameridhika.

Ama baada ya hayo. Nitasimulia habari ya nchi ambayo jina lake nimelihifadhi, kwa kuwa wenyewe ni watu wa haya. Haimo katika ramani yoyote niliyopata kuiona. Msomaji akidhani anaitambua, na aombe msamaha upesi, maana baadhi ya dhana ni dhambi.

Adabu yataka watu wapangwe kwa vyeo vyao kabla ya kutajwa matendo yao. Matendo yakitangulia, vyeo huona haya. Wa kwanza, basi, ni Mheshimiwa Waziri wa Maji, Elimu na Sherehe. Wizara hizo zilikuwa tatu, zikaunganishwa ilipobainika kwamba maji na elimu havikuwa vikionekana ila siku za sherehe. Wa pili ni Daktari Madaraka Mwinyikai, Mkurugenzi wa Ofisi ya Mahitimisho katika Chuo Kikuu, mtu mpole, mnene, mwenye kalamu nne mfukoni na muhuri mmoja. Wa tatu ni Pandu, karani wa ofisi hiyo, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua makasha, kufunga makasha, na kupaka rangi chochote ambacho mgeni angekitazama. Baada yao waja wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho: Somoe binti Shaibu, wa kemia, na Fumo Athman, wa fasihi. Na wa mwisho kabisa ni Bi Mize, bibi yake Somoe, mteka maji wa kitongoji cha Mtondooni, ambaye nimemweka mwisho kwa cheo, si kwa uzito.

* * *

Ofisi ya Mahitimisho ilianzishwa kwa huruma. Zamani wanafunzi wa nchi ile walikuwa wakitafiti kama wanavyotafiti wapagani: wanauliza swali, wanatafuta, kisha wanasema walichokiona. Ndipo kijana mmoja wa jiografia akatumwa kutazama madaraja ya nchi, akakuta kumi na moja. Vitabu vya Serikali vilikuwa na kumi na manne. Serikali haikumwadhibu kijana, kwa kuwa ni Serikali ya watu wenye kumcha Mungu. Wala haikujenga madaraja matatu, kwa kuwa ilikwisha kuyazindua. Iliona tu kwamba kosa limo katika mpangilio: vipi hitimisho, ambalo ndilo lenye heshima kuliko sehemu zote za utafiti, likawekwa mwisho, mlangoni, pamoja na viatu?

Tangu siku hiyo hitimisho likatangulizwa. Mwanzoni mwa kila mwaka Ofisi huandika mahitimisho mapya, huyapiga muhuri, huyatia katika bahasha, na bahasha hutiwa katika makasha mawili: kasha la kijani kwa sayansi, kasha jekundu kwa fasihi, historia na elimu nyinginezo za maneno. Kila mwanafunzi hutia mkono katika kasha lake, akatoa hitimisho alilojaaliwa, kisha hupewa miezi sita ya kulifikia. Akilifikia, huvishwa joho. Asipolifikia, hurejeshwa mwaka wa kwanza. Nimemwona kwa macho yangu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye mvi, na wajukuu wake wakimletea chakula darasani. Aliambiwa athibitishe kwamba nchi ile haina mbu.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa na jambo. Mheshimiwa Waziri alikuwa amejenga tangi la maji, kubwa, la zege, lililochimbiwa ardhini pale Mtondooni, likaitwa Tangi la Ushindi. Ushindi dhidi ya nani hatukuambiwa. Tangi lilipokea maji ya mtaro upitao nyuma ya machinjio. Miezi tisa tangu kuzinduliwa, watu wa Mtondooni waliendelea kuteka katika kisima chao cha kale, Kisima cha Mtondoo, kilichochimbwa na mababu zao na kujengewa mawe. Nao wachache waliokunywa ya tangi walionekana wakitembea kwa kushika ukuta. Waziri aliudhika. Akaamuru kisima kifukiwe. Lakini nchi ile ni nchi ya elimu. Haifukii kitu pasipo utafiti. Kwa hiyo Ofisi ikaandika hitimisho, nami nalinakili herufi kwa herufi:

“Imethibitika kwamba maji ya Tangi la Ushindi ni safi kuliko maji ya Kisima cha Mtondoo. Kwa hiyo Kisima cha Mtondoo kifukiwe.”

Hitimisho likatiwa katika kasha la kijani, limngojee mtu wa kemia. Na malori matatu ya udongo yakaegeshwa kando ya kisima, yangojee sayansi.

* * *

Somoe alikuwa amelelewa kwa maji ya kisima kile. Bi Mize alimwogesha kwayo, akampikia kwayo, akamtilia udhu kwayo alipofika umri wa sala. Ndugu zake wawili wadogo walikunywa ya tangi siku ya uzinduzi, kwa kuwa yalitolewa pamoja na fulana, na hawakuinuka kitandani juma zima. Habari ya hitimisho ilipofika Mtondooni, msichana akamwapia bibi yake: “Bibi, hitimisho hilo nitalitoa mimi. Nikishalishika mkononi, nitayapima maji yote mawili mbele ya watu, wanirejeshe mwaka wa kwanza wakitaka.”

Bi Mize akamjibu, “Mwanangu, nia yako nzuri. Lakini hicho si kisima utakachotia mkono. Hilo ni kasha la serikali. Humo hutoka kilichotiwa.”

Na kweli. Siku mbili kabla ya kutoa bahasha ilisikika kwamba Waziri huenda akapita, na Pandu akaamriwa apake rangi. Pandu akapaka kuta, akapaka milango, akapaka shina la mnazi uliokuwa uani mpaka kimo cha mtu, na rangi ya samawati, ambayo ndiyo rangi aipendayo Waziri, ilipobaki nusu ya kopo, akaona ni israfu kuimwaga. Akayapaka makasha yote mawili.

Asubuhi ya kutoa bahasha watu wa sayansi wakapanga safu mbele ya kasha la samawati, na watu wa maneno wakapanga safu mbele ya kasha la samawati. Mwanafunzi wa wanyama akatoa bahasha iliyosema: “Imethibitika kwamba Sultani Fulani hakukimbia vitani, bali alirudi nyuma kwa hiari.” Mwanafunzi wa historia akajaaliwa kuthibitisha kwamba ng'ombe wa nchi ile hutoa maziwa hata wakiwa madume. Somoe akatia mkono, akasoma, akasoma tena: “Imethibitika kwamba utenzi uitwao *Sifa za Nchi* ulitungwa na babu wa babu yake Mheshimiwa Waziri, miaka mia mbili iliyopita.”

Upande wa pili, Fumo Athman wa fasihi, kijana mrefu asiyejua kuchemsha yai, alikuwa ameishika bahasha ya maji.

* * *

Mazungumzo yaliyofuata yalisikiwa na Pandu, aliyekuwa juu ya ngazi akipaka dirisha la Mkurugenzi upande wa nje.

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba, binti. Umefikia hitimisho?”

“Sijafikia, Daktari. Nimekuja kulibadilisha. Hili ni la fasihi, na langu analo Fumo. Makasha yamechanganyika rangi.”

Daktari Mwinyikai akavua miwani, akaifuta, akaivaa. “Binti yangu, soma hapo ukutani. Kifungu cha kwanza.”

“‘Ofisi haikosei.’”

“Cha pili?”

“‘Panapoonekana kosa, rejea kifungu cha kwanza.’”

“Basi nini tena? Hitimisho limepigwa muhuri. Likisharudi kashani, watu watasema lilitoka kwa makosa. Nawe umefunzwa njia za kemia. Nenda kautafiti utenzi huo kwa njia za kemia. Kifungu cha tano: kila mtu na vyombo vya idara yake.”

“Na Fumo atapimaje maji, Daktari? Yule hata chupa ya dawa ya kikohozi huisoma kama shairi.”

“Atapima kwa fasihi.”

“Maji kwa fasihi?”

“Mimi siingilii uhuru wa watafiti,” akasema Daktari kwa upole mkubwa. “Jambo moja tu: siku ya maonyesho malori yataanza kumwaga udongo baada ya sala ya adhuhuri. Mwambie bibi yako ateke mapema.”

Pandu asema msichana aliinua kichwa akauliza, “Kwa bahasha hii, je, nitapewa ufunguo wa maabara?”

“Utapewa. Lakini usivue vitambaa.”

Nieleze hapa kwamba maabara ya chuo kile ilikuwa na darubini tatu zilizofunikwa vitambaa vya kufumwa kwa uzi mweupe, na mizani ya shaba iliyowekewa maua ya plastiki pande zote mbili, zikalingana sawasawa. Havikuguswa tangu viletwe. Vilikuwa vya wageni.

* * *

Miezi sita ikapita, kila mtu akitafiti kwa vyombo visivyo vya jambo lake. Na Mola humtilia kheri amtakaye mahali asipodhania.

Fumo, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, alikwenda Mtondooni na daftari, akaketi karibu na kisima, akaandika nyimbo wanazoimba wanawake wanapoteka. Akapata nyimbo arubaini, zenye vina na mizani, nyingine za tangu enzi ya mama wa mama zao. Nikiruhusiwa kunukuu ubeti mmoja, ni huu:

*Kisima cha Mtondoo,*
*tumbukiza yako ndoo,*
*uoshe kinywa na koo,*
*na mwili upate nguvu.*

Kisha akaenda kwenye tangi, akangoja siku nyingi, maana wateka walikuwa wachache. Akapata wimbo mmoja. Akautazama, akauona una ila. Akamwomba mwimbaji mwingine, na mwingine, wote wakaimba uleule, wote wakaishia palepale. Akarudi kwa Somoe, aliyekuwa maabarani.

“Dada Somoe, nimekuta jambo la ajabu katika bahari ya wimbo wa tangi. Beti zote zina mishororo mitatu. Wa nne haupo.”

“Labda ndivyo ulivyotungwa.”

“Haiwezekani. Kina kinaomba kukamilishwa. Kila mwimbaji akifika wa tatu, huweka ndoo chini, huondoka.”

“Huenda wapi?”

Fumo akaona haya. “Nimewafuata kwa kiasi kinachoruhusiwa na adabu. Huenda nyuma ya nyumba.”

Somoe akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, “Kaka, umepima maji kwa ufasaha kuliko darubini yoyote. Sasa njoo uone yangu.”

Mbele yake ilikuwapo karatasi yenyewe ya *Sifa za Nchi*, iliyokabidhiwa maabara kwa barua na mashahidi wawili. Ilikuwa imetiwa rangi ya chai ili izeeke. Utenzi wenyewe nauweka hapa, wajuzi wa mizani waniwie radhi:

*Nchi yetu ina barabara za lami,*
*na taa zawaka,*
*Waziri wetu anatupenda sana,*
*ahsante.*

Mshororo wa kwanza una mizani kumi na tatu, wa pili sita, wa tatu kumi na mbili, na wa nne umechoka. Watu wa fasihi wangaliweza kushuku kwamba miaka mia mbili iliyopita hapakuwa na lami. Lakini hao walikuwa wakitafiti maziwa ya madume. Mimi, kwa kuwa nimefunzwa kuwadhania watu mema, nilisema huyu mzee bila shaka alikuwa walii.

Somoe hakushughulika na lami. Alidondosha tone la spiriti pembeni mwa karatasi. Wino wa wazee wetu, wa masizi na ulimbo, hautikisiki kwa spiriti; huu ukakimbia, samawati, kama mwizi aliyeitwa jina lake. Kisha akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya karatasi, mahali pasipoonekana ila kwa nuru kupita, kama katika noti, ilikuwapo nembo ya Serikali, na chini yake maneno: *Kiwanda cha Karatasi cha Taifa*. Kiwanda hicho kilizinduliwa miaka saba iliyopita. Waliokuwako wanaikumbuka siku hiyo kwa sababu ya wali.

“Dada,” akasema Fumo, sauti imeshuka, “wataturejesha mwaka wa kwanza sote wawili.”

“Mimi najua kusubiri,” akasema Somoe. “Kisima ndicho hakijui. Kikisha kufukiwa hakirejeshwi mwaka wowote. Nisikilize: siku ya maonyesho, kifungu cha tano kinasema uje na vyombo vya idara yako. Vyombo vya idara yako ni nini?”

“Vitabu.”

“Na nyimbo zikiwa hazimo vitabuni?”

Fumo akafikiri. “Waimbaji.”

“Basi mlete bibi yangu.”

* * *

Maonyesho yalikuwa siku ya Jumatatu, ukumbi umepakwa rangi alfajiri, na kila aliyeegemea ukuta aliondoka nao begani. Mabango ya wanafunzi yalisimamishwa safu safu. Desturi ya siku hiyo ni hii: Waziri hupita, husimama mbele ya kila bango, huuliza, “Umefikia hitimisho?” Mwanafunzi hujibu, “Nimelifikia, Mheshimiwa.” Waziri hugusa bango kwa vidole viwili, watu hupiga makofi, utafiti umekwisha. Nilialikwa kusoma dua ya ufunguzi, nikaambiwa iwe fupi, kwa kuwa malori yanangoja.

Kabla ya kupita, Mheshimiwa alihutubia. “Ndugu wananchi,” alisema, “utafiti ni tochi. Na tochi ya Serikali humulika pale Serikali inapotaka kutazama. Yako mataifa yanayotafiti bila kujua yatakachokuta. Hayo ni mataifa ya kubahatisha! Sisi hatubahatishi. Sisi tunakwenda kwenye ukweli kama mtu anayekwenda nyumbani kwake: anajua mlango ulipo, anajua chakula kilichopikwa.” Makofi yakadumu mpaka mkuu wa itifaki akapunga leso.

Akafika kwenye bango la Fumo. Kando ya bango walisimama wanawake sita wa Mtondooni wamejifunga kanga mpya, na mbele yao Bi Mize, mikono kiunoni.

“Na hawa?” akauliza Waziri.

“Vyombo vya utafiti, Mheshimiwa,” akajibu Fumo. “Kifungu cha tano.”

Waziri akamtazama Daktari Mwinyikai. Daktari akatikisa kichwa kukubali, maana kifungu ni kifungu.

“Umefikia hitimisho, kijana?”

“Limefikiwa kwa nyimbo, Mheshimiwa. Ningeomba lisikike.”

Waziri alikuwa mpenda nyimbo, hasa zinazomtaja. Akakaa. Wanawake wakaimba wimbo wa kisima, ukumbi ukatulia kama msikiti wakati wa hotuba. Kisha wakaanza ule wa tangi:

*Tangi kubwa la heshima,*
*nilikunywa nikakoma,*
*tumbo langu languruma…*

Wakanyamaza. Ukumbi ukangoja. Waziri, aliyekuwa ameanza kutikisa kichwa kwa lile neno *heshima*, akatikisa kichwa peke yake.

“Mbona wimbo haukwisha?”

“Mheshimiwa mwanangu,” akasema Bi Mize, “sisi wenyewe hatujapata kuusikia mwisho wake. Hapo ndipo kila mtu anapotoka mbio.”

Kicheko kilianzia nyuma kwa watu wa wanyama, kikapita kwa watu wa historia, kikafika mpaka kwa walinzi. Waziri akasimama.

“Bibi, unasema maji yangu machafu?”

“Mimi sijasema, babu we. Mimi nimeimba. Kusema ni kazi ya wasomi.”

“Leteni glasi ya maji ya tangi!” akanguruma Waziri. “Tuwaonyeshe!”

Glasi ikaletwa. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Sasa, nchi ile ina sifa moja ambayo sitaificha: ni nchi ya adabu. Waziri aliishika glasi, akakumbuka kwamba mwenyeji huonja kwanza. “Daktari,” akasema, “wewe ndiye mwenye Ofisi. Tangulia.” Daktari akaipokea kwa mikono miwili, akainama, akasema si adabu mdogo kunywa mbele ya mkubwa wa chuo. Mkuu wa chuo akasema atakuwa amemkosea Mkuu wa Polisi. Mkuu wa Polisi akasema yeye yuko kazini. Glasi ikafika kwangu. Nami namshukuru Mola, maana ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu hufunga sunna. Basi ikazunguka meza yote kwa heshima kubwa, kila mtu akimpendelea ndugu yake kuliko nafsi yake, mpaka ikarudi kwa Waziri, imejaa vilevile.

Nje, dereva wa lori la kwanza aliwasha mtambo, kwa kuwa adhana ya adhuhuri ilikuwa karibu.

* * *

Ndipo Somoe akatoka mbele ya bango lake. Mkononi alikuwa na ile karatasi ya utenzi, ameishika kifuani, kama mtu aliyeshika cheti cha ndoa.

“Mheshimiwa, naomba kusema.”

“Sema, binti, upesi.”

“Ofisi haikosei,” akasema Somoe kwa sauti ya kuonekana mtiifu. “Hitimisho limesema maji ya Tangi la Ushindi ni safi kuliko ya Kisima cha Mtondoo. Ni kweli tupu. Na nyimbo zimethibitisha kwamba maji ya pale penye mawe ndiyo safi. Basi kosa si la Ofisi wala si la nyimbo. Ni la vibao. Pale penye mawe ndipo Tangi la Ushindi. Na lile shimo la zege ndilo Kisima cha Mtondoo. Vibao vimewekwa kinyume.”

Daktari Mwinyikai akafumba macho, midomo ikicheza. Alikuwa akirejea vifungu. Alipofumbua, uso ulikuwa na nuru. “Hilo halipingani na kifungu chochote,” akanong'ona.

“Tangi langu!” akasema Waziri. “Nililizindua mimi!”

“Utalizindua tena, Mheshimiwa. Na lile shimo utazindua kufukiwa kwake. Sherehe mbili.” Kisha Somoe akaigusa karatasi kidogo, akaongeza kwa unyenyekevu, “Na zamu yangu inafuata, Mheshimiwa. Ni huu utenzi wa babu wa babu yako. Nilikuwa niuinue kwenye mwanga watu wauone vizuri. Je, niuinue sasa, au kwanza tumalize la vibao?”

Waziri aliitazama karatasi. Aliutazama mwanga wa dirisha. Nadhani katika umri wake wote wa utumishi hakuwahi kutafiti kwa kasi ile.

“Tumalize la vibao,” akasema.

“Na rangi ninayo, Mheshimiwa,” akasema Pandu kutoka juu ya ngazi.

* * *

Malori yakageuzwa siku ileile. Kwa amri ya Serikali, na kwa mujibu wa utafiti, Kisima cha Mtondoo, yaani lile tangi la zege, kikafukiwa mbele ya bendi ya polisi, na Waziri akalia machozi mbele ya wapiga picha kwa kuondokewa na urithi wa kale. Kisha akavuka njia, akakata utepe juu ya kisima cha mawe kilichochimbwa na watu waliokufa kabla ya babu yake kuzaliwa, akaliita jambo hilo tunda la uongozi wake. Bi Mize alimpa maji katika kata ya kifuu. Akanywa yote, akaomba tena.

Kwa kuwa shahada hufuata hitimisho, Somoe alivishwa joho la fasihi, akaajiriwa kufundisha ushairi, naye hadi leo hajui kutofautisha guni lisilo na mizani na shairi. Fumo alivishwa joho la kemia, akafanywa Msimamizi wa Maji wa Wilaya. Hupima visima kwa kuketi kando yake na kusikiliza kama wimbo wafika mshororo wa nne; na nisiseme uongo, tangu ashike kazi hiyo homa ya matumbo imepungua.

Utenzi ulithibitishwa bila kuinuliwa. Wafunzwa sasa katika shule zote, na watoto huukariri kwa sauti, *ahsante* mwishoni wakiimba kwa nguvu sana. Hili lilimwuma Somoe. Alimwambia bibi yake, “Nimeuza kweli moja kwa nyingine, bibi.” Bi Mize alikuwa akifunga kamba ya ndoo. Akasema, “Watoto wamekunywa?” “Wamekunywa.” “Basi hiyo nyingine haijafa kwa kiu. Itangoja.”

Haikungoja sana. Waziri aliamuru karatasi yenyewe itiwe katika kioo na kutundikwa ukumbini, mahali pa heshima. Kazi akapewa Pandu. Lakini ukumbi ulikuwa umepakwa rangi upya kwa ajili ya mgeni mwingine, kuta zote mbichi, na Pandu akaona si vema kuiharibu rangi ya Serikali kwa msumari. Akaitundika dirishani, upande wa magharibi. Sijui kama alifanya hivyo kwa kusahau au kwa kukumbuka. Sikumwuliza, naye hakusema.

Tangu hapo, kila alasiri jua linapoteremka, nuru hupita ndani ya karatasi ya miaka mia mbili, na nembo ya Serikali hujitokeza polepole katikati ya maneno, na chini yake jina la kiwanda. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupita kimakusudi saa hiyo. Husimama, hutazama, hawaulizi kitu, kwa kuwa maswali bado hayaruhusiwi. Yule mwenye mvi, aliyetumwa kuthibitisha kwamba hakuna mbu, huja pia. Hutazama, huua mbu mmoja shavuni mwake, hutabasamu. Kisha wote huteremka mpaka kwenye kile kilichoandikwa Tangi la Ushindi, wakapokezana kata.

Ewe Mola, waliochimba kisima kile wamekwisha kukufikia, warehemu. Nasi tuliobaki, tubakishie maji yasiyokatiza wimbo, na ulimi wa kuuliza baada ya macho ya kuona. Uwahifadhi vijana wetu waliomo vyuoni, wapate kukuta wasichokitarajia, wala wasiogope kukisema. Muongoze kila mwenye muhuri. Na Pandu, ewe Mpaji, usimpunguzie rangi. Amin.